Mstaafu Aliye Hai Kuanzia Novemba

Kwa muda wa miaka 31 nilifanya kazi katika masijala ya ofisi moja ya serikali, kwanza karani na hatimaye mkuu wa makarani, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuwarudishia watu fomu zao. Nilirudisha fomu iliyokosa saini, fomu iliyojazwa kwa wino wa kijani, fomu iliyokunjwa mara nne ilhali maelekezo yalisema isikunjwe, na zaidi ya zote nilirudisha fomu yenye tarehe ya mashaka. Vijana waliokuja kujifunza kazi niliwaambia kwamba barua isiyo na tarehe ni yatima, na kila nilipoitamka kauli hiyo nilijiona nimesema jambo la hekima. Nayaeleza haya mapema ili msomaji asinionee huruma kupita kiasi.

Nilipostaafu nililipwa kiinua mgongo, ambacho kiliuinua mgongo kwa miezi michache, kisha mgongo ukarudi pale ulipokuwa. Ikabaki pensheni ya kila mwezi, ambayo ni ya hakika kama jua na fupi kama kivuli cha adhuhuri. Mke wangu, ambaye ndiye mhasibu wa nyumba yetu ingawa hakuwahi kuajiriwa kwa kazi hiyo, alifanya hesabu akagundua kwamba fedha isiyotosha nyumbani inaweza kutosha mahali pengine, na akapendekeza tuhamie nchi ambayo pensheni yetu ingejiona kubwa.

Tulianza kuzichunguza nchi zinazowakaribisha wastaafu kwa viza maalumu. Panama na Costa Rica zilitaka mtu awe na pensheni ya maisha isiyopungua dola 1,000 za Marekani kwa mwezi. Thailand ilitaka umri wa miaka 50 au zaidi, ambao nilikuwa nao wa kutosha na wa kumgawia jirani, pamoja na baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, ambavyo sikuwa navyo. Pensheni yangu ilisimama mbele ya milango hiyo ikiwa imevua kofia, ikasoma kibao, ikageuka taratibu. Tulisoma pia kwamba mstaafu wa Uingereza akihamia Kanada pensheni yake ya serikali hugandishwa na haiongezwi tena, lakini akivuka mpaka na kukaa Marekani huongezwa kila mwaka kama kawaida. Tukashukuru kwamba sisi hatukuwa na nyongeza yoyote ya kugandishwa. Hatimaye tulipata nchi yenye mlango wa chini zaidi, ambayo sitaitaja kwa sababu mthibitishaji wa hati wa mtaa wetu bado nitamhitaji. Jambo moja tu la nchi hiyo linahusika na kisa hiki, nalo ni kwamba wenyeji wake huandika tarehe kwa kuanza na mwezi, kama wafanyavyo Wamarekani.

Mstaafu anayeishi ng'ambo hutakiwa kupeleka hati ya uhai kila mwaka, yaani karatasi ambayo mtu mwenye mamlaka ya kushuhudia saini anakiri kwamba amemwona mstaafu kwa macho yake na amemkuta anapumua. Utaratibu huu nauunga mkono kwa moyo wote. Tangu Ujerumani ya Bismarck ilipotunga sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889 na kuweka umri wa miaka 70, ambao ulishushwa hadi 65 mwaka 1916, kila serikali inayolipa pensheni ina haki ya kujua ni nani kati ya wanaolipwa bado yupo, kwa maana marehemu hawana desturi ya kuandika barua za kukataa fedha, na warithi wao hawana haraka ya kuwaandikia. Nchini India wastaafu wa serikali huthibitisha uhai wao kila Novemba, na tangu mwaka 2014 wanaweza kufanya hivyo kwa kuweka kidole kwenye mashine. Ofisi inayonilipa mimi haikuwa na mashine. Ilikuwa na fomu, na siku ya mwisho ya kuipokea ilikuwa tarehe 31 Machi.

Jumatatu ya tarehe 11 Machi 2024 nilikwenda kwa mthibitishaji wa hati. Aliitazama picha ya pasipoti, akanitazama mimi, akairudia picha kwa masikitiko, kisha akakubali kwamba ni mtu yuleyule. Mimi nilitia saini na kuandika 11/03/2024. Yeye alitia saini, akagonga muhuri, akaandika kwa mkono 03/11/2024. Niliikagua karatasi kama nilivyozikagua za wengine kwa miaka 31: wino ulikuwa wa bluu, muhuri haukugusa saini, hapakuwa na alama ya kukunjwa. Tarehe niliiona, nikaona ina kumi na moja na ina tatu, nikaridhika kwamba hakuna kilichopungua. Jioni hiyohiyo niliituma kwa barua pepe, nikalala usingizi wa mtu aliyewahi.

Jibu lilifika siku tisa baadaye. Lilisema kwamba kwa mujibu wa hati niliyowasilisha, mimi nilitia saini tarehe 11 Machi 2024, na shahidi alinishuhudia nikiwa hai tarehe 3 Novemba 2024. Kwamba ofisi haiwezi kupokea ushahidi wa jambo ambalo halijatokea. Na kwamba ninaombwa niwasilishe hati inayohusu kipindi cha sasa.

Mke wangu aliisoma barua hiyo mara mbili, akaikunja.

“Wewe una uhakika mpaka Novemba,” alisema. “Mimi sina hata wa kesho.”

Ofisi ile hufunguliwa saa mbili asubuhi, ambayo kwetu huku ni saa saba usiku, kwa hiyo niliketi gizani nikisubiri muda ufike, nikapiga simu. Alipokea binti mwenye sauti ya upole.

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba, mwanangu. Sasa nakuuliza, umewahi kusikia marehemu akiitikia marahaba?”

“Sijawahi, mzee. Lakini sauti haigongwi muhuri.”

Nilinyamaza, kwa sababu kauli hiyo ilikuwa yangu. Nilimuuliza alianzia kazi wapi.

“Masijala, mzee, chini yako, mwaka 2009. Fomu yangu ya likizo uliirudisha mara tatu.”

Nilimweleza habari ya mwezi kutangulia siku, na alielewa mara moja, jambo ambalo liliniumiza kuliko kama angekuwa mzito wa kuelewa. Alisema kwamba yeye anaelewa kabisa, ila jalada halielewi. Nilipomuuliza kama naweza kuikata ile tarehe kwa kalamu na kuandika iliyo sahihi juu yake, alinisomea kifungu cha waraka wa ndani kinachobatilisha hati yoyote yenye tarehe iliyokatwa, akasoma mpaka chini kabisa ambako lilikuwapo jina la mwandishi wa waraka, na kwa adabu yake hakulitamka. Nilimwomba basi aitupe ile hati ya kwanza. Akasema haiwezekani, kwa kuwa karatasi yenye tarehe ya mbele haitupwi, bali huwekwa katika jalada la kusubiri mpaka siku yake ifike, na huo pia ulikuwa utaratibu wangu.

Niliketi mpaka alfajiri nikitafuta tarehe ambayo mataifa yote yangeisoma kwa namna moja. Niligundua, kwa furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nistaafu, kwamba kila mwezi unayo siku moja ya namna hiyo, ile ambayo namba yake ni sawa na namba ya mwezi. Ya Machi ilikuwa imekwisha kupita. Iliyofuata ilikuwa Alhamisi, tarehe 4 Aprili: nne kwa nne, igeuze upendavyo. Mke wangu alinikumbusha kwamba hiyo ingekuwa siku nne baada ya mwisho wa kupokea hati, nami nikamjibu kwamba ni heri kuchelewa kwa uwazi kuliko kuwahi kwa utata, jibu ambalo ni rahisi kulitoa wakati pensheni ya Machi ingali mfukoni.

Siku hiyo ilipofika nilimweleza mthibitishaji kisa chote, na hapo ndipo nilipokosea, kwa kuwa ningekaa kimya angeandika alivyozoea na mambo yangekwisha. Badala yake nilimchorea tarehe za nchi mbalimbali kwenye karatasi. Kwanza aliona nimelitukana taifa lake. Halafu akapata msukumo. Akasema aliwahi kusoma kwamba upo utaratibu wa kimataifa, uliowekwa mwaka 1988 ili kumaliza ugomvi huu, unaotaka uanze mwaka, ufuate mwezi, imalizie siku; na ili pasiwe na shaka hata ya mwandiko wake, akatoa mtoto wa meza akachukua muhuri wa magurudumu, akayazungusha moja baada ya jingine huku akiutoa ulimi, akagonga. Utaratibu huo wa kimataifa hutaka mwaka uandikwe kwa tarakimu nne. Muhuri wake ulikuwa na nafasi ya tarakimu mbili.

Uligonga 24/04/04.

Nilichoona mimi ni 04/04. Niliiona kama mzazi anavyomwona mwanawe katika umati wa watu, na wengine wote hawapo. Nikamshukuru, nikatuma.

Barua ya pili ndiyo ninayoitunza. Ilieleza kwamba hati yangu mpya inathibitisha kuwa nilikuwa hai tarehe 24 Aprili 2004, na kwamba ofisi haina pingamizi na jambo hilo, kwa kuwa wakati huo nilikuwa mtumishi wake na daftari la mahudhurio lipo. Iliendelea kusema kwamba saini yangu mwenyewe, ijapokuwa ina tarehe ya mwaka huu, haihesabiwi, kwa sababu mtu haruhusiwi kujishuhudia. Na kwamba hati zangu mbili zikisomwa kwa pamoja zinaonyesha nilikuwa hai mwaka 2004 na nitakuwa hai Novemba 2024, lakini hazisemi lolote kuhusu mwezi huu wa Aprili. Kwa sababu hiyo malipo yalikuwa yamesimamishwa. Ilikuwa barua safi, yenye aya zilizopangika na tarehe iliyoandikwa kwa maneno, na lazima nikiri kwamba yule binti nilimfundisha vizuri.

Mwenye nyumba wetu, alipoelezwa kwamba mpangaji wake amekuwa marehemu kwa muda, aliomba kwanza aangalie kama mkataba unalizungumzia hilo. Tuliishi kwa akiba. Mimi nilirudi kwenye kalenda na kuanza kupima faida za tarehe 5 Mei, na nilikuwa nimekwisha kujaza kurasa mbili za hoja wakati mke wangu alipokuja kuketi kando yangu.

“Mwaka una miezi mingapi?” aliuliza.

“Kumi na miwili.”

“Basi nenda tarehe 18.”

Nilikuwa na majibu kadhaa, lakini yote yalihitaji kalenda yenye mwezi wa kumi na nane. Alhamisi ya tarehe 18 Aprili nilikwenda kwa mthibitishaji, nikamwomba aandike kwa mkono wake, kwa mpangilio wowote unaompendeza, ilimradi mwaka uwe mzima, na sikusema neno jingine lolote. Hati ilikubaliwa ndani ya siku mbili. Mwezi Mei zililetwa pensheni za miezi miwili kwa mkupuo, na hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hakuna kijitabu cha wastaafu kilichowahi kulieleza. Kila hawala ya kutoka nyumbani hukatwa na benki inayotuma, ikakatwa na benki ya katikati ambayo hatujawahi kujua inafanya nini pale, ikakatwa tena na benki inayopokea. Na kwa kuwa miezi miwili ilisafiri katika hawala moja, makato yalikuwa ya safari moja. Kufa kwangu kwa mwezi mmoja kulikuwa kumetuingizia faida. Mke wangu aliuliza kama jambo hilo linaweza kupangwa liwe kila robo mwaka.

Mwezi Oktoba ofisi iliwatangazia wastaafu wote walioko ng'ambo kwamba kuanzia mwaka huo hati ya uhai itatakiwa mara mbili kwa mwaka, na ya pili ifike kabla ya tarehe 15 Novemba. Sikushtuka. Niliweka duara jekundu kwenye tarehe 13, nikamwambia mthibitishaji ajiandae. Lakini mwanzoni mwa mwezi nilipata mafua makali, na Jumapili ya tarehe 3 nilishinda nimejifunika blanketi mpaka kichwani, kiasi kwamba hakuna kiumbe aliyeweza kushuhudia kuwa nipo isipokuwa mke wangu, naye alisema asingeweza kuapa.

Kesho yake, Jumatatu, ulifika ujumbe.

“Shikamoo, mzee wangu. Jalada la kusubiri limefunguliwa leo asubuhi. Hati yako ya uhai ya tarehe 3 Novemba 2024 imekubaliwa, na ofisi inakushukuru kwa kuiwasilisha mapema kuliko wastaafu wote.”