Tunawauliza kwa Kiswahili, tunawajibu kwa Kifaransa

Mama alinyanyua mkono kama saa nne na nusu hivi, mikro ikamfikia karibu na saa sita, na alipoanza kusema kwa Kiswahili yule aliyeongoza kikao akamkatiza kwa upole akamuomba aseme kwa Kifaransa kama inawezekana. Mama akasema haiwezekani. Kijana mmoja wa mbele akajitolea kutafsiri, swali la dakika tatu likatoka kwa sentensi moja, profesere akajibu dakika kumi kwa Kifaransa, watu wakapiga makofi, mama akakaa. Hakuna aliyemtafsiria jibu. Nilikuwa nimekaa viti viwili nyuma yake, nikamuona anamgeukia jirani, "Ule papa anasema nini?", na jirani akainua mabega tu.

Ilikuwa mkutano wa kutoa matokeo ya utafiti, sale ya hoteli hapa Lubumbashi, mada ni redevansi ya madini, yaani pesa ambayo kampuni inailipa Serikali juu ya madini inayotoa, na jinsi inavyotumika chini huku, kwenye komini na sekta. Kituo cha utafiti kilichoandaa sikitaji jina, maana nilichokiona pale nimekiona kwa karibu vituo vyote nilivyofanyia kazi, kwa hiyo kutaja kimoja ni kumuonea mmoja kwa kosa la wote.

Na mimi mwenyewe niko ndani ya hili kosa. Mimi ni anketere, yaani ni mmoja wa wale wanaotumwa na karatasi ya maswali kuzunguka mlango kwa mlango. Maswali yanakuja yameandikwa kwa Kifaransa, tunayageuza Kiswahili tukiwa njiani, mtu anajibu kwa Kiswahili, mimi naandika jibu lake kwa Kifaransa, jioni naituma, na hapo njo mwisho wa Kiswahili. Miezi inapita, rapoti inatoka, kuna kikao, kuna projekta, na kwenye ukuta naona sentensi ya mtu niliyemhoji pale Ruashi, imeandikwa ndani ya mabano madogo mazuri, kwa Kifaransa ambacho yeye mwenyewe hawezi kukisoma. Tumechukua neno lake na hatukumrudishia. Hii inaniuma kila mara, na nimeamua kuiandika.

Watu wa vituo wakiulizwa wanasema Kifaransa ni lugha ya kazi, kuna wageni, kuna wafadhili, kuna mtu wa ubalozi amekaa mbele. Naelewa. Lakini Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 kwenye kifungu cha 1 inasema Kifaransa ni lugha rasmi, halafu inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, na inataka Serikali iziendeleze. Hakuna pahali inakataza kutoa utafiti kwa Kiswahili. Radio Okapi tangu 2002 inasoma habari kwa Kifaransa na kwa hizo lugha nne, bajeti, uchaguzi, mahakama, yote inapita kwa Kiswahili na watu wanaelewa. Na hapa kwetu kuna historia yake pia, Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji iliyoanzishwa 1906, ilitumia Kiswahili makambini kuwaamuru wafanyakazi, babu zetu walipewa kazi kwa Kiswahili na kufukuzwa kwa Kiswahili. Lugha iliyotosha kumwamuru mtu ashuke shimoni inashindwaje leo kumweleza pesa ya lile shimo inaenda wapi?

Sasa niwaambie tulichofanya, maana sitaki kulalamika tu.

Wiki chache baada ya ule mkutano tulikwenda Katuba, komini moja ya hapa Lubumbashi, mimi na yaya mmoja, yaani mwenzangu anayenizidi umri, tuliyefanya naye ankete nyingi. Tuliomba chumba cha parokia, kuna ubao mweusi na benchi, hakuna projekta. Tulikuja na ile rapoti (iko wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma) tukasema tutaeleza kurasa chache tu, zile za mgawanyo. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inasema redevansi ya shaba ni 3.5% na ya madini ya kimkakati ni 10%, na kobalti iliwekwa humo mwaka huohuo. Ile pesa inagawanywa mara nne: 50% Serikali kuu, 25% provensi, 15% ile wanayoiita ETD, yaani mji, komini, sekta ao shefuri (eneo la chifu) pale uchimbaji unapofanyika, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo, FOMIN.

Kwenye hoteli hii ilikuwa slaidi moja, sekunde 40, twende mbele. Pale Katuba ilichukua saa nzima na nusu na haikutosha.

Tuliandika kwenye ubao mfano: tuseme kampuni imeuza shaba ya dola milioni 100. 3.5% yake ni milioni 3 na nusu. Kinshasa inachukua 1,750,000, provensi 875,000, FOMIN 350,000, na komini ao shefuri 525,000. Kukawa kimya. Kisha baba mmoja mzee, alikuwa Gécamines zamani, ile kampuni ya madini ya Serikali, akauliza: "Ile 15, ni 15 ya makuta yote ya sosyete ao ni 15 ya kile kipande?" Ni 15 ya kile kipande, baba. Akatikisa kichwa, akasema miaka yote alikuwa anafikiri ni 15 ya yote, na kwamba meya anakula kipande kikubwa cha mgodi. Hebu fikiria, mtu amebeba hasira ya miaka juu ya hesabu ambayo ingemalizika kwa chaki. Na hasira nyingine ile ya kweli, ya kuuliza hizo 525,000 zilijenga nini, haikupata nafasi kwa sababu ile ya kwanza ilishajaza moyo.

Halafu maswali yakaanza kuja yenyewe. Kijana krezere, mchimbaji wa mikono, akauliza "Nani njo anapimaka?", yaani ile milioni 100 nani ameihesabu, nani amepima mawe, nani ameangalia asilimia ya shaba ndani yake. Sheria ya 2018 inasema redevansi inahesabiwa kwenye thamani ya biashara bila kutoa gharama, zamani walikuwa wanatoa kwanza gharama fulani, kwa hiyo swali la nani anapima thamani njo mlango wa nyumba yote. Profesere alisema saa nzima na hakufika pale. Kijana alifika kwa maneno matatu, juu yeye kila siku anapimiwa mawe yake na mnunuzi na anajua vizuri mizani inafanya nini.

Na mama mmoja, ambaye analima mboga chini kwenye bonde, akasema kitu ambacho tangu siku ile hakijanitoka: "Shimo iko kwabo, mayi yake inapita kwetu. Sasa shiye banatuhesabia wapi?" Nikafungua rapoti pale pale mbele ya watu, nikatafuta. Haiko. Sheria inasema pesa ni ya pahali uchimbaji unapofanyika, na mto haukai pahali pamoja. Kafubu na mito yake midogo haijui mpaka wa komini. Watafiti wote, na mimi mwenye kushika karatasi ya maswali, hatukuuliza hilo, tulikuwa tunakwenda tu kwa wale walio ndani ya mpaka wa ETD yenye mgodi kwa sababu hivyo njo sampuli ilichorwa. Wale walio chini ya maji hawakuwa hata kwenye orodha.

Hapa njo ninaposhika neno langu. Vituo vinaona kikao cha wazi kama siku ya kugawa chakula kilichokwisha kupikwa, utafiti umeisha, tunautangaza, picha, bai bai. Mimi nasema utafiti haujaisha mpaka urudi kwa walioulizwa, juu wao wana swali linalofuata, na swali hilo halitakuja kwa Kifaransa ndani ya hoteli saa sita mchana wakati watu wa protokole wanaangalia saa na harufu ya chakula inaingia.

Kuna wanaosema maneno ya kitaalamu hayana Kiswahili. Ni kweli tulihangaika. Redevansi tulikuwa tunaiita redevansi. Siku nyingine nikasikia Watanzania kwenye redio wanasema mrabaha, nikaangalia, ni neno lilelile, kile mwenye mgodi anailipa Serikali juu ya anachotoa. Nikalipeleka Katuba. Wazee hawakulijua, lakini ukisha kulieleza mara moja linakaa, na sasa kuna vijana pale wanasema "mrabaha wetu" kama kitu wamezaliwa nacho. Mengine tuliyaacha hivyohivyo, ETD ni ETD, inaelezwa na inaendelea. Kama mama anaweza kutamka majina ya dawa za watoto wake wote atashindwa na herufi tatu?

Jambo lingine ambalo nalisema kwa uzito. Kuna vikao vya milango imefungwa, vya wakubwa, ambavyo mwanzoni vinasoma kanuni ya Chatham House, kile kituo cha London kilichoanza 1920, na kanuni yenyewe ni ya 1927: uliyosikia unaweza kuyatumia, lakini usiseme nani aliyasema wala anatoka wapi. Ni kanuni nzuri. Hapa kwetu mtu anaweza kupoteza kazi juu ya sentensi moja. Lakini angalieni nani anapewa hiyo kinga: mkurugenzi, mshauri wa waziri, mtu wa kampuni, wale walio na avoka (wanasheria) wao. Mkutano ukiwa wa watu wa karitye, kitu cha kwanza mlangoni ni orodha, jina, avenyi, namba ya simu, sahihi, halafu picha ya kila mmoja akiwa na mikro mdomoni, na jioni picha iko kwenye intaneti na jina la shughuli juu yake. Wanasema mfadhili anataka uthibitisho. Uthibitisho unaweza kuwa hesabu ya vichwa, picha ya migongo, sahihi bila namba. Siku ile ya Katuba hatukupiga picha hata moja wala kuandika jina, na mtu mmoja aliyefanya kazi kwenye ofisi ya komini alikaa kimya mwanzo mpaka mwisho, akatungoja nje karibu na ukuta, akatueleza kwa dakika ishirini jinsi pesa inavyoingia kwenye akaunti na inavyotoka. Unafikiri angefungua kinywa kama angeandika namba yake mlangoni?

Juu ya transpo, yaani nauli, juu kila mara mtu analeta hilo: eti bila pesa ya transpo watu wa karitye hawaji. Tulikuwa na watu zaidi ya 40 na hatukutoa hata franka moja. Walikuja kwa miguu kwa sababu ilikuwa kwao. Anayetoka Katuba kwenda hoteli ya mjini kweli anahitaji transpo, na apewe, ni haki yake, amepoteza siku ya soko.

Kwa hiyo ninachoomba vituo vya hapa kwetu, na vya Goma na Bukavu pia juu najua wenzangu wa kule wana kilio hikihiki, ni kitu kidogo. Kwenye bajeti ya kila utafiti, pale kwenye mstari wa hoteli, kateni nusu. Nusu moja fanyeni mkutano wenu na wageni. Nusu ya pili lipieni siku tatu za kurudi kule ankete ilifanyika, kwa Kiswahili, chaki na ubao, na anketere awe mmoja wa wasemaji maana yeye njo anajua nani alisema nini. Na maswali ya siku hizo yaandikwe yaingie kwenye rapoti kabla haijachapwa. Yule baba wa Gécamines alituambia wakati tunafunga, "Munakuyaka tu kutuuliza, kurudia hapana." Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anaeleza hali ya hewa.

Jumamosi tunarudi Katuba. Mama wa mboga ameomba tulete ramani ya mto, kubwa, ya kubandika ukutani, akasema ataleta wenzake wa bondeni kila mmoja aonyeshe kwa kidole shamba lake liko wapi. Yaya ameshapata karatasi nne za kuunganisha, mimi natafuta kalamu ya bluu nene.