Ngoma Iliyotiwa Shingo

Banjo yangu ilinifikia imepasuka. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anauza vyombo vya nyumba kabla ya kuhama Nairobi. Nyuzi zote tano zilikuwepo, lakini ngozi ilikuwa imechanika kutoka ukingoni hadi katikati. Nikaipeleka kwa fundi wa magitaa, mzee ambaye karakana yake ni chumba kimoja tu ghorofani, River Road. Aliigeuza mara mbili, akaigonga kwa kidole pale palipobaki pazima, akatega sikio.

"Kijana," akasema, "mimi natengeneza magitaa. Hii uliyoniletea ni ngoma. Wameitia shingo tu."

Nilikuwa nimeupenda muziki wa bluegrass, ule wa Marekani unaopigwa kwa vyombo vya nyuzi, kwa miaka mingi, nikausoma na kuusikiliza usiku na mchana, na sijawahi kukutana na maelezo yaliyonifungua macho kama hayo.

Kundi la bluegrass la kawaida halina mpiga ngoma. Lina mandolini (chombo kidogo cha nyuzi nane), fidla, banjo, gitaa na besi kubwa ya kusimama, basi. Hakuna dramu wala kinanda, na kwa desturi hakuna gitaa la umeme. Hata hivyo, weka rekodi yoyote nzuri ya muziki huo chumbani penye watu na uangalie miguu yao. Hakuna utakaotulia. Kitu gani kinaisukuma?

Sehemu ya jibu iko mikononi mwa mpiga mandolini. Mkono wa kushoto unabana nyuzi, wa kulia unazipiga zote nane kwa mpigo mmoja, na papo hapo vidole vya kushoto vinalegea bila kuachia. Sauti inakatika kabla haijakomaa. Kinachosikika si noti tena, ni "chak" kavu kama kofi. Besi inapiga pigo la kwanza na la tatu, mandolini inajibu la pili na la nne: dum-chak, dum-chak. Hiyo ndiyo ngoma yao, na mtu asiyeelekezwa anaweza kuisikia miaka kumi bila kujua inatoka wapi.

Aliyeutia nguvu mtindo huo ni Bill Monroe, aliyezaliwa mwaka 1911 Rosine, Kentucky, na ambaye kundi lake, Blue Grass Boys, ndilo lililoupa muziki huu jina. Alikuwa mtu mgumu. Alipogombana na kampuni ya Gibson iliyotengeneza mandolini yake, alichukua kisu akalikwangua jina lao kwenye kichwa cha chombo. Lakini masikio yake! Mwishoni mwa mwaka 1945 alimchukua kijana wa North Carolina aitwaye Earl Scruggs, aliyepiga banjo kwa vidole vitatu: gumba, cha shahada na cha kati, kila kimoja kimevishwa kucha ya bandia. Rekodi walizofanya mwaka 1946 na 1947, Lester Flatt akiwa kwenye gitaa, Chubby Wise kwenye fidla na Howard Watts kwenye besi, ndizo ninazomwekea yeyote anayetaka kujua nazungumzia nini.

Sikiliza gumba la Scruggs. Vidole viwili vingine vinamwaga noti kama mvua ya mawe juu ya bati, na mtu anaweza kudhani mambo yote yako huko. Gumba ndilo linalotembea. Linashuka kwenye wimbo, linapanda kwenye ule uzi wa tano, mfupi, unaoanzia katikati ya shingo, kisha linarudi. Uzi huo haubadiliki. Unalia noti ileile moja, wimbo unazunguka, wenyewe umesimama.

Sasa tuje kwenye shingo na ngozi. Banjo haikuzaliwa Marekani. Watu wa Afrika Magharibi waliotekwa na kuvushwa bahari waliondoka na ujuzi wa vyombo vyao, wakaviunda upya huko Karibi na baadaye Marekani kwa buyu, ngozi na mti. Wajola wa Gambia na Senegal bado wanapiga akonting: buyu lililowambwa ngozi, mpini mrefu, nyuzi tatu, na mmoja wao ni mfupi, wa kupigwa kwa gumba. Mwaka 1740, mwaka mmoja baada ya watumwa kuasi kwenye mto Stono, South Carolina ilitunga sheria iliyowakataza ngoma na pembe, kwa hofu kwamba wangeitana. Ngoma ikapigwa marufuku. Kile chombo chenye ngozi kifuani kiliendelea kupigwa. Kila ninapofikiria hilo, maneno ya fundi wangu yananirudia, na nasisimka mwili.

Kwa hiyo mtu akiniambia hapa Kenya kwamba muziki huu ni wa wazungu wa milimani na haunihusu, namwomba asikilize kwanza, halafu tuzungumze. Sidai kwamba ni wetu na si wao. Fidla na nyimbo nyingi za kale zilitoka Scotland, Ireland na Uingereza, na uimbaji ule wa sauti ya juu, unaokata kama upepo wa alfajiri, umekulia makanisani mwao. Ninachodai ni kwamba haukuwahi kuwa wa upande mmoja. Monroe mwenyewe, akiwa kijana, alikuwa akimsindikiza kwa gitaa Arnold Shultz kwenye madansi ya Kentucky. Shultz alikuwa mtu mweusi, mchimba makaa ya mawe, hodari wa gitaa na fidla. Alifariki mwaka 1931 bila kuacha rekodi hata moja. Kidole chake kimo ndani ya muziki wa Monroe, Monroe alilisema hilo waziwazi, ila sauti yake hatutaisikia kamwe. Hilo linaniuma kama msiba wa nyumbani.

Afadhali Joe Thompson wa North Carolina aliishi hadi mwaka 2012. Alikuwa mpiga fidla mweusi wa mtindo wa kale, na katika uzee wake vijana walikuwa wakienda kwake kujifunza. Mmoja wao ni Rhiannon Giddens. Ukiisikia banjo inayofungua ule wimbo wa Beyoncé uliotamba mwaka 2024, anayepiga ni yeye.

Na kuna kisa kinachotugusa sisi hasa. Agosti 1927, mjini Bristol, kwenye mpaka wa Tennessee na Virginia, mtu aliyewahi kufanya kazi za reli aitwaye Jimmie Rodgers alirekodi kwa mara ya kwanza. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1933. Miaka sita baadaye Monroe aliingia Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha muziki huko Nashville, kwa wimbo wa Rodgers, akiukimbiza kwa kasi ambayo Rodgers hakuwahi kuitumia. Santuri za Rodgers nazo zilifika milima ya Kericho. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipopita Kapkatet na mashine yake ya kurekodi, alikuta wasichana wa Kipsigis wakimwimbia Chemirocha. Ni jina lilelile la Jimmie Rodgers, limepitishwa kwenye ulimi wa nyumbani, na mwenye jina amekuwa kiumbe nusu mtu nusu swala. Chombo kinachowasindikiza ni chepkong, kinubi ambacho kifua chake kimewambwa ngozi.

Watu wa Pwani nao hawana haja ya kufundishwa haya, maana gambusi la kale, tumbo lake ni ngozi, na mandolini si mgeni kwenye taarab.

Kitu kimoja kinanikera kwenye bluegrass ya siku hizi: mashindano ya mbio. Vijana wana vidole vya ajabu, lakini wimbo unapita kama matatu isiyo na breki, na abiria hajui ameona nini njiani. Wazee walikuwa na kasi pia. Ila walikuwa wanakusanyika kwenye maikrofoni moja, na hilo liliwalazimisha kuheshimiana. Mwenye zamu anasogea mbele, wengine wanarudi nyuma nusu hatua. Fidla ikimaliza inapisha, banjo inaingia kwa bega, gitaa linainama ili mwimbaji apate nafasi. Hakuna aliyegusa kitufe cha sauti. Aliyetaka kusikika alisogea, aliyetaka mwenzake asikike alirudi. Nikitazama filamu za zamani za Flatt na Scruggs wakipishana hivyo, huwa nazima sauti kidogo niangalie miguu tu.

Fundi alikaa na banjo yangu wiki mbili. Aliwamba ngozi ya mbuzi. Aliiloweka, akaivuta ikiwa mbichi, akaibana kwa skrubu moja moja akizunguka, kila moja robo mzunguko, kisha akaiacha ikauke kivulini. Sauti yake si kali kama ya banjo za kisasa zenye ngozi ya plastiki. Ni nzito, ina pumzi ndani yake, na ukiigonga bila kugusa nyuzi inaitika.

Mwezi wa nne mvua ilipoanza, ngozi ililegea. Nyuzi zikawa zinanong'ona tu. Nikampigia simu.

"Mzee, imelegea. Nikaze skrubu?"

"Usikaze, utaipasua. Kwani kwenu ngoma ikilegea mnafanyaje?"

Nikawasha jiko la makaa.