Msemaji wa klabu anabanwa, mbunge anaandaliwa chai

Wiki hii redio imeniudhi. Bibi ninayemhudumia hapa Manhattan huifungulia WNYC, redio ya umma ya New York, saa nne kamili asubuhi, akishameza dawa zake, na mimi huku nikikunja nguo nasikiliza naye. Nilianza kwa kulazimika, sasa ni mlevi wa kile kipindi. Tatizo ni kwamba wiki hii ni ya kuchangisha. Mazungumzo yakinoga tu, wanakata: piga namba hii, changia unachoweza, bila wewe hatupo. Kamati ya harusi ya Kinondoni haisumbui watu namna hii! Bibi anawagombeza kama watoto wake, halafu anaagiza nimletee kadi ya benki.

Kipindi chenyewe ni cha Brian Lehrer, kipo hewani tangu 1989, Jumatatu hadi Ijumaa, saa nne mpaka saa sita mchana. Kodi za nyumba, shule, panya, uchaguzi, vitabu, na simu za wasikilizaji. Hakuna ving'ora wala mtu anayecheka kwenye kipaza sauti. Ukisikiliza siku ya kwanza unaweza kusinzia. Jamaa hapandishi sauti kabisa. Ila mgeni akianza kuzunguka mbuyu, anamwacha amalize, kisha anamrudisha taratibu: yule mama wa Queens aliuliza hivi, na hilo bado hujaligusa. Meya Bill de Blasio enzi zake alikuwa na kawaida ya kuja Ijumaa kupokea simu za wananchi, na hawakuwa wanapiga kumpongeza.

Hilo swali la pili ndilo linalonitesa. La kwanza kila mtu anaweza kuuliza, hata sisi tunauliza.

Nyumbani mpigaji akipatikana, nusu ya muda wake inaishia kwenye "haloo, haloo, punguza sauti ya redio yako." Akishapunguza anasalimia, anasema yupo Mbagala Rangi Tatu, anapongeza kipindi, anauliza habari ya barabara yao, na simu inakatika. Mheshimiwa mbunge anashukuru kwa swali zuri. Anamshukuru Rais kwa fedha zilizoletwa jimboni. Anasema mkandarasi yupo kwenye hatua za mwisho za mchakato. Mtangazaji anamalizia: "Naam, umesikia mpendwa msikilizaji, Serikali yako ipo kazini." Twende matangazo. Barabara ipo palepale, na yule wa Rangi Tatu amebaki na simu mkononi.

Najua mnachoandaa kuandika. Mbeba maboksi kapata pa kusemea, kaonja theluji kidogo keshaanza kutudharau. Kwanza sibebi maboksi, nageuza wazee kitandani, kazi ambayo wengi wenu mngeikimbia saa ya kwanza. Pili, sidharau. Mtangazaji wa Dar ana ulimi ambao hawa wa huku hawataupata hata wakizaliwa upya. Mchana bibi akilala, naweka sikio moja nyumbani kusikiliza vipindi vya michezo, na jamani, wale watu ni hatari.

Muulizeni msemaji yeyote wa klabu. Akikaa kwenye kile kiti ajue amekalia makaa. Winga kasajiliwa kwa mamilioni na hajagusa mpira: vipimo vyake alifanyiwa wapi, nani aliidhinisha? Msemaji anajaribu kujificha nyuma ya benchi la ufundi, mchambuzi anamchomoa: benchi la ufundi halisaini mikataba, tuambie aliyesaini. Msemaji anacheka kinafiki, anasema Wanasimba wawe na subira. Hapana, jibu kwanza. Anaingia mpigaji kutoka Kahama, anamkumbusha alichosema dirisha la usajili lilipofunguliwa, neno kwa neno. Wanamsaga saa nzima, na kesho yake anarudi, kwa sababu asipokuja mashabiki watamsaga zaidi.

Sasa mchukueni mtangazaji huyohuyo, mwekeeni asubuhi mkurugenzi wa halmashauri ambaye dampo lake linafuka moshi mpaka kwenye madarasa. Anauliza nini? "Mkurugenzi, una lipi la kuwaambia wananchi?"

Una lipi la kuwaambia! Huyo ni mtu anayejua kuuliza. Nimemsikia jana usiku akimtoa mtu jasho kwa habari ya beki wa kushoto. Kwa hiyo msiniambie eti ni utamaduni wetu, eti sisi tunaheshimu wakubwa. Mzee mwenye mvi anayeongoza klabu ni mkubwa vilevile, na tunamkaanga bila kumwamkia.

Mtasema TCRA, wale wadhibiti wa utangazaji. Nakubali, na msinisomeshe. Nakumbuka kituo cha Clouds walivyofungiwa siku 7 Agosti 2020 kwa habari ya wagombea waliopita bila kupingwa. Nakumbuka usiku ule wa Machi 2017, watu wenye bunduki ndani ya studio hizohizo, na waziri aliyeunda kamati ya kuchunguza akaondolewa yeye. Na Oktoba 29, 2025, intaneti ilipozimwa, nilikaa na simu inayozungusha kiduara tu, natafuta sauti yoyote kutoka nyumbani, hata ya salamu za wagonjwa. Simwombi mtangazaji wa Mikocheni awe shujaa. Ana watoto, ana kodi, na tangazo la taasisi ya umma ndilo linalomlipa mshahara. Ila kuuliza kwa nini taka za Tandale hazijazolewa wiki mbili, kisha kuuliza tena, kumekuwa uhaini tangu lini? Sehemu kubwa ya ukimya huu si sheria, ni uchawa wa kujitolea.

Mnataka niwaonyeshe kwamba swali la pili lipo? Sikilizeni wasanii wakihojiwa. Huku ikifika saa sita anaingia Alison Stewart na All Of It, kipindi cha utamaduni kilichoanza 2018. Anakaa na mpiga tarumbeta au mwandishi wa riwaya yake ya kwanza, na wanazungumza kazi: kwa nini umeanzia hapa, sauti hii uliitoa wapi. Kwetu msanii katoka kurekodi albamu ya mwaka mzima, swali la kwanza: wewe na fulani bado mpo? La pili: mbona juzi mmefutana Instagram? La tatu, la nne, la kumi! Kwenye ubuyu hatuchoki kufuatilia. Albamu inapata dakika ya mwisho, juu yake mtangazaji anaongea.

Hata Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel ya fasihi 2021, tulibishana wee, ni wetu au ni wa Waingereza, uraia pacha mara hivi mara vile. Niliwauliza watu wangu kwenye kundi la WhatsApp nani kasoma hata kitabu chake kimoja. Kimya. Mmoja akatuma picha ya urojo.

Na kabla hamjasema Marekani siyo peponi, nasema mwenyewe. Sogeza mshale kidogo kwenye redio hiyohiyo ya bibi, utamkuta mtu anafoka saa tatu mfululizo bila kumruhusu yeyote kupumua. Rush Limbaugh, mtangazaji wa siasa za kihafidhina, alianza kurushwa nchi nzima 1988, mwaka mmoja baada ya FCC, TCRA ya huku, kufuta kanuni iliyovitaka vituo vitende haki kwa pande zote, na aliokota utajiri humohumo. Mwaka 2025 Bunge lao lilifuta takriban dola bilioni 1.1 za redio na televisheni za umma, ndiyo maana akina Lehrer wanaomba kama wamefiwa.

WNYC yenyewe ilianza 1924 ikiwa mali ya serikali ya jiji. Mwaka 1945 wasambaza magazeti walipogoma, Meya La Guardia aliingia studio kuwasomea watoto vibonzo hewani. Hiyo ni RTD kabisa, Radio Tanzania ile ya kipindi cha Mama na Mwana! Jiji liliiachia redio hiyo miaka ya 1990, ikazidi kuwategemea wasikilizaji. Kwa hiyo anayedhani nasema wazungu wamezaliwa na maswali, asome tena.

Ninachotaka ni kidogo. Mhamisheni mchambuzi mmoja wa soka, wiki moja tu, mpeni mkurugenzi wa maji na ratiba ya mgawo aliyoitangaza mwenyewe. Ahesabu siku zilizotoka maji na zilizokauka, kama anavyohesabu pasi. Mpigaji wa Kahama aachwe hewani mpaka ajibiwe.

Haya, andikeni matusi yenu. Nipo zamu mpaka jioni, nitayasoma kwenye treni nikirudi Bronx.