Kazi ya mtandaoni inalipia uzamili, lakini potifolio itatoka wapi?

Kijana aliyehitimu usanifu wa picha Nairobi au Dar es Salaam na kuutamani uzamili wa Ujerumani hukutana mapema na hesabu moja: euro 11,904. Ndizo fedha ambazo mwombaji wa viza ya masomo huonyesha kwa mwaka mmoja, mara nyingi kwa kuziweka katika akaunti maalumu itakayomwachia euro 992 kila mwezi akishafika. Vyuo vingi vya umma kule havitozi ada, ingawa jimboni Baden-Württemberg mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula. Kinachowakwamisha wengi, basi, ni fedha za kujikimu. Hapo ushauri hugawanyika: wapo wanaomwambia azitafute kwa kazi za usanifu za mtandaoni, na wapo wanaomwambia aache kazi hizo aandae maombi.

Ndiyo maana wanaotetea kazi za mtandaoni wana hoja nzito. Mteja wa nje analipa kwa dola, na kijana haitishi harambee wala hamwombi mzazi auze kipande cha shamba. Akiweka akiba ya euro 400 kwa mwezi, anafika baada ya miezi 30 hivi. Makato yahesabiwe mapema: Fiverr, jukwaa la kazi za mtandaoni, huchukua asilimia 20, kwa hiyo kazi ya dola 100 inabaki 80 kabla ya gharama za kuhamisha na kubadilisha fedha. Tena matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hutambuliwa kwa miaka 2 tu. Anayefanya mtihani siku anapoanza kuweka akiba ataulipia tena.

Wanaosema aache kazi ajiandae hawatazami fedha. Wanatazama potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi ambao mwombaji hukionyesha chuo, na hapo wameona jambo ambalo wengi hulipuuza. Chukua nembo ya mgahawa. Mteja wa California anataka mifano mitatu kufikia jioni yake, ambayo kwetu ni alfajiri. Kijana anakesha, mteja anachagua mmoja, analipa, yamekwisha. Hakuna aliyeuliza nani anakula pale. Rasimu zimefutwa, na pengine mkataba wa usiri unakataza hata ile nembo kuonyeshwa. Miaka miwili ya kazi za namna hii inaleta akiba nzuri na mkono mwepesi, lakini wanaopitia maombi ya uzamili hutaka kuona zaidi ya mkono: swali lililomsumbua mwombaji, alichokwenda kukitazama, majaribio aliyoyatupa na sababu ya kuyatupa.

Swali hilo linaweza kuwa jirani kabisa. Abiria wa Nairobi anajuaje matatu ya kwenda Rongai bila ramani? Kuna namba 125 na 126, kuna kondakta anayeita, kuna mahali gari linaposimama. Mgeni, au mtu asiyesikia, anafanyaje? Ukikaa stendi jioni kadhaa, ukachora, ukajaribu alama zako kwa abiria wenyewe na zikashindwa, ukazirekebisha, umepata kurasa ambazo hakuna mteja angekulipa uzitengeneze.

Hata hivyo siungi mkono kuacha kazi. Ushauri huo unamfaa mwenye mzazi wa kumlipia pango. Asiye naye ataishia kukopa. Naona bora apunguze: awaache wateja wa kazi ndogo ndogo zinazokula usiku, abaki na wawili au watatu wa kudumu, kisha siku mbili za wiki ziwe za mradi wake, zisiguswe hata dola zikibisha hodi. Akiba itachelewa miezi kadhaa, nami nakubali gharama hiyo, kwa sababu akaunti iliyojaa bila nafasi ya chuo haimfikishi popote.

Kuna hesabu nyingine inayoniogopesha zaidi, ile ya kudhani wateja hao hao watamlisha akiwa masomoni. Ujerumani inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kuajiriwa siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka, lakini kujiajiri kunahitaji kibali cha ofisi ya wageni. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza inakataza kujiajiri kabisa. Muhula wa baridi Ujerumani huanza Oktoba. Anayemwahidi mteja kazi za Novemba kabla ya kupata kibali anaahidi kazi ambayo huenda sheria isimruhusu kuifanya.