Tunakoboa Kwanza, Kisha Tunanunua Pumba

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kumjulia hali shangazi yangu. Ni miezi mitatu sasa tangu aambiwe ana kisukari, na tangu siku hiyo nyumba yake imejaa ushauri. Kila anayekuja anaacha neno. Mmoja kamkataza matunda yote, mwingine kamwambia ale tunda moja tu kabla jua halijachomoza, wa tatu hakuja kabisa ila ametuma video. Nikaingia jikoni kuchemsha maji ya chai. Nilipofungua kabati nikakutana na kopo jipya la plastiki lenye picha ya masuke ya rangi ya dhahabu na ahadi kubwa ya kusafisha utumbo na kushusha sukari. Nikaligeuza nisome nyuma. Viambato vilikuwa viwili: pumba za ngano na ladha ya vanila.

Pumba! Na rafu ya chini yake kulikuwa na mfuko wa unga wa ngano mweupe, uliokobolewa ukang'aa.

"Shangazi, hili kopo umelitoa wapi?"

"Nimenunua, mwanangu. Kuna dada anauza, anasema ni dawa ya asili. Nakoroga vijiko viwili kwenye maji, asubuhi na jioni."

"Na kuku wako wanakula nini siku hizi?"

"Pumba. Si nachukua kule mashineni."

Alinijibu bila kusita, akaendelea kukata kitunguu. Hakuona kwamba majibu yake mawili yanazungumzia kitu kimoja, na sikumlaumu, maana hakuna aliyewahi kumweleza. Aliyepaswa kumweleza alimuuzia. Nilirudi nyumbani na hasira hiyo, na wiki mbili hazijaipunguza.

Chukua punje moja ya ngano. Nje ina ganda lenye tabaka kadhaa, hizo ndizo pumba. Upande mmoja ina kiini kidogo, sehemu ambayo ingechipua kama ungeipanda. Katikati, zaidi ya asilimia 80 ya punje, ni wanga na protini kidogo, akiba ya chakula cha mche. Ukikoboa unabaki na hiyo akiba. Ganda limekwenda na nyuzinyuzi, madini ya chuma, magnesi, zinki na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Kiini kimekwenda na vitamini E na mafuta yake mazuri. Gramu 100 za unga wa ngano nzima zina nyuzinyuzi gramu 10 hivi. Za unga mweupe, gramu 3. Kilichobaki kinashibisha, hilo sikatai, lakini kinayeyuka mwilini haraka, na mtu wa kisukari ndiye wa kwanza kuona hesabu yake ikipanda kwenye kipimo.

Jambo hili dunia imelijua kwa zaidi ya miaka 100, na waliolifichua walikuwa kuku. Mwishoni mwa miaka ya 1880 daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, akitafuta chanzo cha beriberi, ugonjwa uliolegeza miguu ya askari na wafungwa mpaka wengine moyo ukasimama. Kuku wake wa maabara nao wakaanza kuyumba na kuanguka. Kisha ghafla wakapona. Alipofuatilia akagundua kuwa kwa miezi kadhaa walikuwa wakilishwa mabaki ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali ya jeshi, mpaka mpishi mpya alipofika akakataa mchele wa askari kupewa kuku wa raia. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa, wakasimama.

Mwenzake Adolphe Vorderman, mkaguzi wa afya magerezani, akapita kwenye magereza takriban 100 ya Java, yenye wafungwa zaidi ya robo milioni, akalinganisha. Palipoliwa mchele mweupe beriberi ilitapakaa. Palipoliwa mchele wenye ganda lake la ndani ilikuwa nadra mno. Eijkman mwenyewe alidhani mwanzoni kwamba wanga una sumu na ganda ndilo linaloizima. Gerrit Grijns, aliyeiendeleza kazi ile, ndiye aliyesema mwaka 1901 kwamba tatizo ni upungufu: kuna kitu mwili unakihitaji, nacho kinaondoka na pumba. Mwaka 1912 Casimir Funk akavipa vitu vya aina hiyo jina tunalolitumia mpaka leo, vitamini. Kile cha kwenye pumba za mchele ni thiamini, vitamini B1. Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Kwa hiyo neno vitamini, ambalo leo limebandikwa kwenye kila kopo na kila chupa, limezaliwa kutokana na pumba zilizotupwa. Mtu akiniuzia vitamini bila kuniambia habari hiyo, naona kanikata katikati ya hadithi.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kukoboa kuna sababu zake. Kiini kina mafuta, na mafuta huchacha, kwa hiyo unga wa nafaka nzima haukai muda mrefu kama mweupe. Mchele wenye ganda unachelewa kuiva na unakula kuni, mkaa au gesi zaidi. Mtoto mdogo ana tumbo dogo, ukimjaza nyuzinyuzi tupu atashiba kabla hajapata nguvu anazozihitaji. Pumba zina fitati inayoshikilia chuma na zinki visifyonzwe vizuri, ingawa kuloweka na kuchachusha huipunguza, na waliotutangulia walifanya yote mawili bila kuambiwa na maabara. Tena kuna unga uliorutubishwa. Nchi nyingi zinaamuru viwanda virudishe chuma na vitamini B kwenye unga mweupe, na kuongezewa asidi ya foliki kumewaepusha watoto wengi kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo. Hilo ni jema kubwa na sitalipinga kamwe. Ila angalia kinachorudishwa: virutubisho vichache vilivyochaguliwa. Nyuzinyuzi hazirudi.

Na nyuzinyuzi ndizo zinazonifanya niandike leo, kwa sababu miaka mingi zilidharauliwa kama takataka inayopita tu. Zinafanya kazi. Zile laini, za shayiri na kunde, hugeuka ute tumboni na kuichelewesha sukari kuingia kwenye damu, na huondoka na sehemu ya lehemu, yaani kolesteroli. Zile ngumu huongeza ujazo wa choo na kukisukuma. Zote hufika utumbo mpana bila kumeng'enywa, na huko bakteria wetu huchachusha baadhi yake na kutengeneza asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa butireti, chakula kikuu cha seli zinazotandaza ukuta wa utumbo huo. Ukila kilichokobolewa kila siku, unawanyima chakula wapangaji wanaokufanyia kazi.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, alishangaa jinsi magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kama bawasiri, kidole tumbo na saratani ya utumbo mpana, yalivyokuwa nadra kwa wagonjwa aliowatibu kule, na katika miaka ya 1970 akapaza sauti kwamba tofauti iko kwenye nyuzinyuzi. Alipitiliza katika baadhi ya madai yake, maana maisha ya pande hizo mbili yalitofautiana kwa mengi zaidi ya chakula. Lakini uchambuzi mkubwa ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2019 uliona kwamba wanaokula nyuzinyuzi nyingi, ukiwalinganisha na wanaokula kidogo kabisa, wana vifo pungufu kwa asilimia 15 mpaka 30, na maradhi ya moyo, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana huwapata kwa uchache zaidi. Kiwango kilichoonekana kufaa ni gramu 25 mpaka 29 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kinakaribia nusu ya hizo.

Sasa muuza kopo ataniambia: vizuri, si ndiyo hizo nazouza? Hapo ndipo ninapogoma.

Mwaka 2019 pia, mtafiti Kevin Hall na wenzake huko Marekani waliwaweka watu 20 kituoni kwa wiki nne. Wiki mbili walikula vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula vya kawaida vilivyopikwa, na waliruhusiwa kula mpaka watosheke. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa nishati, sukari, mafuta na hata nyuzinyuzi. Lakini vyakula vile vya kiwandani havikuwa na nyuzinyuzi za kutosha, ikabidi watafiti wazikoroge kwenye vinywaji ili hesabu ilingane. Vijiko vya shangazi yangu hivyo, kabisa! Matokeo: kwenye vyakula vya kiwandani watu wale walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku, na uzito ukapanda karibu kilo moja ndani ya wiki mbili. Kwenye vyakula vya kawaida ukashuka kiasi hichohicho. Utafiti ulikuwa mdogo na wa muda mfupi, nakiri. Hata hivyo kwangu unasema jambo zito. Nyuzinyuzi zilizokorogwa kwenye glasi hazikuwazuia kula kupita haja yao. Chakula kina umbo. Kinatafunwa, kinachukua muda, kinakaa tumboni. Ukikivunja vipande na kukirudisha kwa kijiko, umbo hilo halirudi.

Pumba za kopo zinaweza kumsaidia mtu aliyefunga choo, haya. Akinywa na maji ya kutosha. Zaidi ya hapo, kumwambia mama wa miaka 60 mwenye kisukari kwamba hiyo ni dawa, huku akiendelea kula unga uleule mweupe mara tatu kwa siku, ni kumdhulumu fedha, na kibaya zaidi ni kumfundisha kwamba afya inakaa dukani na chungu chake hakina thamani. Shangazi yangu amepika maisha yake yote. Analea watu kwa mikono ile. Anapoanza kukiogopa chakula chake mwenyewe na kuliamini kopo, kuna kitu ameibiwa ambacho hakuna risiti itakayokionyesha.

Nikishaanza kuangalia hivi, naona tunakoboa mpaka visivyo nafaka. Chungwa tunalikamua, tunatupa nyama yake, tunakunywa sukari yake na kuiita afya. Machungwa matatu huyawezi kuyala kwa mkupuo ukiwa umeshiba, lakini juisi yake inapita kooni kwa dakika moja, na Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kwenye bakuli la sukari. Viazi tunavimenya nene. Maharage tunayaona chakula cha dhiki. Weupe umekuwa heshima: tangu zamani mkate mweupe ulikuwa wa mabwana na wa rangi ya udongo ulikuwa wa watumishi, na vinu vya roli za chuma vilipoenea katika miaka ya 1870 na 1880, heshima hiyo ikawa rahisi kununuliwa na kila mtu. Mgeni akija tunamtolea kilichokobolewa zaidi. Tunampenda, ndiyo maana.

Kuhusu chumvi sina mengi: chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, ukihesabu na iliyojificha kwenye mkate na vitoweo vya kopo. Kuhusu vinywaji vya kusafisha sumu, ini na figo zinaifanya kazi hiyo usiku na mchana.

Kama utaamua kurudi kwenye nafaka nzima, nenda taratibu. Tumbo lililozoea ulaini likishtuliwa litajaa gesi, na wengi huacha hapo wakidhani chakula kimewakataa. Ongeza kidogo kila wiki, kunywa maji. Na mwenye kisukari anayetumia dawa azungumze na daktari wake anapobadili mlo, kwa sababu sukari inaweza kushuka na dozi ikahitaji kurekebishwa.

Nilirudi kwa shangazi Jumamosi nikiwa na unga wa ngano nzima. Tukachanganya sehemu moja kwa mbili za ule mweupe, akakanda mwenyewe, akaongeza maji akilalamika kwamba unga huu unakunywa kama ng'ombe. Mkate ulitoka mzito. Akala kipande kimoja, akanyamaza, akasema kinashibisha upesi. Kopo bado liko kabatini, nusu. Sikumwambia alitupe, ni fedha yake na ni uamuzi wake.

Jana jioni amenipigia. Unga umekwisha, na anauliza kama dengu nazo zinalowekwa usiku kucha au saa mbili zinatosha.