Mmeachana Ninyi, Benki Haijaachana Nanyi

Juzi usiku mdogo wangu alinipigia simu akilia hata maneno yake sikuyashika. Alikuwa ameomba mkopo mdogo wa kununua cherehani mbili aongeze fundi kwenye biashara yake, akakataliwa. Aliambiwa ana deni la nyumba ambalo halijalipwa kwa miezi saba. Akawauliza nyumba ipi, maana yeye hana nyumba. Na kweli hana. Alitoka katika nyumba ile miaka mitatu iliyopita akiwa na masanduku mawili na mtoto mgongoni, na hukumu ya talaka inasema waziwazi kwamba nyumba anabaki nayo mtalaka wake na yeye ndiye atakayelipa mkopo. Karatasi anayo, ina muhuri.

"Dada," akaniambia, "mimi na ile nyumba tulishaachana."

Tangu hapo sijalala vizuri, kwa sababu nami nilikuwapo. Nilikaa kwenye kikao cha familia jioni mbili mfululizo. Tulibishana kuhusu kabati, friji, nani achukue kitanda kikubwa. Mkopo wa nyumba, ambao ulikuwa mkubwa kuliko vyombo vyote vile vikijumlishwa mara mia, ulipewa sentensi moja: atakayebaki na nyumba ndiye atakayelipa. Wote tukaitikia, na mimi nikaitikia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama benki nayo imekubali.

Hilo ndilo ninalotaka kila anayeachana alisikie kabla hajagusa kabati. Hukumu ya talaka inawafunga wawili waliokuwa mbele ya hakimu. Benki haikuwa sehemu ya kesi ile. Mkataba wake ulisainiwa zamani, siku mlipokuwa mnatabasamu, na ndani yake kuna maneno ambayo watu huyapita haraka: kwamba mnawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Watu hudhani maana yake ni nusu kwa nusu. Sivyo. Maana yake ni kwamba benki inaweza kudai deni lote, hadi senti ya mwisho, kwa yeyote kati yenu, na haina haja ya kujua nani analala katika nyumba ile. Unaweza hata kuwa umeondolewa kwenye hati ya nyumba na bado jina lako likabaki kwenye mkopo. Hapo huna mali, una deni tupu.

Namna ya kutoka ni moja tu: benki yenyewe ikuachilie kwa maandishi. Ama anayebaki achukue mkopo mpya kwa jina lake peke yake ulipe ule wa zamani, ama nyumba iuzwe deni lilipwe, ama benki ikubali kubadilisha mkataba na kulitoa jina lako. Ahadi ya mtalaka haimo katika hizo, na hukumu nayo haimo. Hukumu ina kazi yake: ukilazimika kulipa alichoagizwa yeye alipe, unaweza kurudi kumdai kwa hukumu hiyohiyo, kwa hiyo tunza kila risiti. Lakini kwanza utakuwa umelipa.

Wapo waliokwisha kuniambia kwamba benki nayo ni katili. Nimejaribu kukubaliana nao, kwa kuwa hasira yangu inatafuta mahali pa kutua. Lakini ilikopesha kwa kuangalia mishahara miwili. Ofisa mikopo akiambiwa leo aukubali mmoja, ana haki ya kuuliza kama huo mmoja unatosha. Hilo nawakubalia watu wa benki. Nisilowakubalia ni barua zao. Kwa miezi saba notisi zilitumwa kwenye nyumba ileile, kwa majina ya wote wawili, na aliyezipokea alizirundika juu ya meza bila kufungua. Namba ya simu ya mdogo wangu wanayo, wamempigia mara nyingi kumtangazia huduma mpya. Ila yeye pia hakuwahi kwenda kuandikisha anwani yake mpya, na hiyo ni kazi ya nusu saa. Nenda leo.

Kuna jambo jingine linalonikera, la hesabu. Watu huona miezi mitatu minne ya malimbikizo kuwa kitu cha kufidia baadaye. Chukua mkopo wa milioni 5 wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 12. Rejesho la mwezi ni kama 55,054. Katika rejesho la kwanza, 50,000 ni riba. Deni lenyewe linapungua kwa elfu tano tu na kidogo. Baada ya kulipa miaka 5 bila kukosa, mtakuwa mmetoa zaidi ya milioni 3.3, na deni bado ni karibu milioni 4.59. Sasa katikati ya hapo weka talaka, weka miezi saba bila malipo, weka faini ya kila kuchelewa. Katika mikataba mingi hela kidogo unayopeleka humezwa kwanza na faini, kisha na riba, ndipo ifike kwenye deni kama kimebaki chochote. Kwa hiyo anayepeleka nusu rejesho kila mwezi kwa kuwa "nusu yangu nimeshalipa" anaona kitabu cha deni kinanenepa, asielewe kwa nini.

Wanaoacha kulipa makusudi ili mwenzao aumie, nawaomba waache. Mnauchoma ukuta mnaouegemea.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na katika hali hii wengi huitumia kumfunga mdomo mwanamke anayeuliza. Alipe nani, kwa mshahara upi, na nyumba anayo nani? Kabla ya kulipa kuna kusema. Benki iambiwe mapema, mwezi wa kwanza rejesho linapoonekana kugoma, wala si baada ya dalali kubandika tangazo. Mwanzoni huwa kuna nafasi ya kuongeza miaka ya mkopo ili rejesho lishuke, au kupewa miezi michache ya kulipa riba peke yake. Na kama ni wazi kwamba hakuna kati yenu anayeimudu nyumba peke yake, iuzeni wenyewe. Nyumba ya mnadani huuzwa kwa haraka, na aliyekuja mnadani amekuja kutafuta bei ya chini. Bei ikishindwa kulifuta deni, mahali pengi baki lake huendelea kuwafuata wote wawili, nyumba ikiwa imeshakwenda. Najua kuuza kunauma. Mdogo wangu alichagua rangi ya kila chumba mle ndani, na mtoto alitambaa kwenye sakafu ile.

Jana nilimpigia mtalaka wake. Sijazungumza naye tangu kikao kile. Nilitarajia matusi, na nilikuwa nimejiandaa kuyarudisha. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Shemeji, nilipunguzwa kazini Januari. Niliona aibu kumwambia." Miezi saba, pande mbili, kila mmoja na aibu yake, na riba inahesabu kila siku.

Alhamisi wanakwenda benki pamoja. Mdogo wangu amesema hatakaa karibu naye, atakaa kiti cha pili. Nimemwambia akae anapotaka, ila abebe ile hukumu, risiti zote na barua ya anwani mpya, na asisaini chochote kabla hajakisoma mstari kwa mstari. Mtoto nitabaki naye mimi.