Nyumbani Nina Duka

Siku naondoka Tanga kuja Kuala Lumpur, Malaysia, kikazi, shangazi alishuka na basi kutoka Lushoto kuniletea sweta. Sweta la sufu, zito, kalifuma mwenyewe. Kwa shangazi ng'ambo ni moja tu. Ukishapanda ndege, utakakoshuka kuna barafu. Nikamwambia, "Shangazi, kule ni karibu na ikweta kuliko hapa tuliposimama. Nyuzi tatu tu za latitudo, basi." Akasema, "Beba, mwanangu." Nikabeba asije akanuna. Nikalisokomeza chini kabisa ya begi, nikacheka mpaka Dar.

Joto nalijua bwana, mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga mjini. Nilipofika nikajiona mwenyeji. Minazi hii hapa. Shokishoki zimelundikwa barabarani. Ijumaa wazee wamejifunga misuli wanakwenda msikitini, ukiwatazama kwa nyuma utadhani uko Barabara ya Ishirini. Na hapo ndipo nilipoponzwa. Nchi isiyofanana na kwenu hata chembe unaiingia kwa hadhari. Hii inayofanana unaiingia kifua mbele, unagonga ukuta.

Asubuhi ya kwanza nikaletewa nasi lemak. Kufunua jani: wali wa nazi! Pembeni dagaa wa kukaanga, karanga, yai, vipande vya tango. Machozi yakanilengalenga. Kwetu wali wa nazi asubuhi ni kiporo, hawa wenzetu wanaupika mpya alfajiri. Kuna na rojo jekundu, wanaliita sambal. Nikamwuliza mama muuzaji kama lina pilipili, akasema "sikit-sikit", kidogo kidogo. Kuonja, tamu kama jemu. Nikachota kijiko kizima. Mwanzo sukari, halafu kimya, halafu masikio yakaziba. Machozi yaliyokuwa yakilengalenga yakapata sababu rasmi.

Lugha nayo ina mitego yake. Wamalei wanasalimiana "apa khabar", yaani habari gani. Dunia wanaiita dunia. Sabuni ni sabun. Nikasema kumbe lugha ninayo, imebaki kurekebisha kidogo! Nikaenda sokoni, nikaomba kuku. Yule kijana akatazama vidole vyangu, akatazama vyake, akanionesha kwa mkono duka la vipodozi ng'ambo ya barabara. Kuku kwao ni kucha. Kuku wa kuliwa ni ayam. Hilo nikalimeza.

La ofisini ndilo lililonimaliza. Dada mmoja tunayekaa naye meza moja aliniuliza nyumbani kwetu kukoje. Nikataka kumwonesha kwamba mimi si kapuku, nina kaduka kangu kule, mke anauza sukari na sabuni. Nikachanganya Kimalei changu cha wiki tatu: "Di rumah ada duka." Akaweka kalamu chini. Akashika kifua. Kesho yake nakuta mezani bahasha, na sahani ya vikeki vya kijani vya nazi. Kila apitaye ananiinamia kichwa. Nikadhani ni ukarimu tu, nikala vikeki vinne. Mpaka mzee mmoja aliponipa mkono akasema "takziah". Hapo nikakishusha kile cha tano. Taazia hata Tanga tunaijua! Duka kwao ni majonzi. Mimi nimewaambia nyumbani kuna msiba, nao wamechanga. Kurudisha bahasha kulinigharimu maelezo ya nusu saa, na sasa kila nikitaja biashara ya mke wangu watu wanaangalia pembeni, wanabana midomo.

Ugali sitausema sana. Nilinunua pakiti yenye picha ya hindi, nikasonga, ikatoka gundi. Nimeibandikia kalenda, mpaka leo haijadondoka.

Na hao wa nyumbani nao! Tumewapita saa tano. Kwao saa nne ya usiku, ndiyo wameshiba wanakumbuka ndugu, huku kwangu ni saa tisa usiku. Simu inalia, naruka nikijua kuna jambo. "Umelala?" Hapana mjomba, nilikuwa nakusubiri. "Basi sawa, nilitaka tu kujua ringgit moja ni shilingi ngapi." Jumatatu kauliza hilo hilo.

Lakini haya yote ningevumilia kama si kiyoyozi. Nje jua linakukaanga, shati limeganda mgongoni. Unafungua mlango wa ofisi, digrii 16! Rimoti anayo bosi, na bosi ni mtu wa mwili, baridi haisikii. Nguvu zote za baridi zinatokea ukutani moja kwa moja kwenye shingo yangu. Wiki ya pili vidole vikagoma kuchapa. Wiki ya tatu nikafungua begi, nikachimba mpaka chini kabisa.

Sasa mjini naonekana kichaa, mtu katikati ya jua la saa saba kakumbatia sweta la sufu kama mtoto mchanga. Jana nikampigia shangazi, nikamwuliza kwa kujikaza kama sufu imebaki, maana hili moja likifuliwa sina la kubadili.

"Barafu imefika wapi?" akauliza.

Nikamwambia shingoni.

Akasema ataongeza na kofia.